Madume tasa dhidi ya nzi wa matunda: mwongozo kamili, kuanzia shambani hadi siku ya kuachilia

Nzi jike wa matunda hachukui muda mrefu kuharibu tunda. Anatua, anatoboa ganda kwa ncha ya mkia wake, anapenyeza mayai chini ya ngozi na kwenda zake. Mayai yakishaanguliwa, funza wanakula wakiwa wamejificha ndani, mahali ambapo dawa ya kupuliza haiwafikii. Ndiyo maana mkulima anaweza kupuliza kila wiki na bado akavuna matunda yaliyooza kwa ndani.

Njia ya madume tasa inamshambulia mdudu huyu kwenye uzazi wake. Nzi wanafugwa kwa wingi, wanapitishwa kwenye mionzi wakiwa bado pupa, yaani hatua ya kati ya funza na nzi kamili, kisha madume wanaachiliwa shambani. Wanaruka, wanatongoza na kupanda majike kama kawaida, lakini mbegu zao zimeharibiwa na yai linalorutubishwa nazo hufa kabla ya kuanguliwa. Hakuna sumu inayobaki kwenye tunda, nyuki hawaguswi, na wadudu wengine wa shambani wanaendelea na maisha yao. Mionzi yenyewe haibaki mwilini mwa nzi. Ukimshika mkononi ni nzi kama nzi mwingine.

Mwongozo huu ni kwa vikundi vya wakulima, maafisa ugani, wanafunzi wa kilimo na yeyote anayefikiria kuanzisha mradi wa aina hii. Mtu mmoja mwenye shamba moja hataweza peke yake, na nitaeleza kwa nini. Nimepanga hatua kwa utaratibu ambao naamini ndio sahihi: shamba kwanza, kiwanda baadaye. Wengi huanza na kiwanda, wakaishia kuwa na mamilioni ya nzi na mahali pasipo tayari kuwapokea.

Hesabu inayoendesha kila kitu

Kabla ya kushika chochote, elewa hesabu hii. Tuseme eneo lina majike 1,000 na madume 1,000 wa porini, na kila jike aliyepandwa na dume mwenye rutuba anaacha majike watano wanaofikia kukomaa. Achilia madume tasa 9,000. Kama wana nguvu sawa na wa porini, jike mmoja tu kati ya kumi atampata dume mzima. Majike 100 mara tano: kizazi kijacho kina majike 500. Achilia 9,000 wengine. Sasa ni madume tasa 18 kwa kila dume mmoja wa porini, na kizazi kinachofuata kinashuka hadi majike 130 hivi. Achilia tena, wanabaki kama tisa. Ukirudia mara moja zaidi, hakuna anayebaki. Hapa njia hii inaachana na dawa: kadiri wadudu wanavyopungua, ndivyo kila dume unayemwachilia anavyozidi kuwa na uzito.

Sasa rudia hesabu hiyo kwa madume waliodhoofika, ambao inahitajika watano wao kumfikia dume mmoja wa porini. Wale 9,000 wanahesabika kama 1,800 tu. Majike 357 wanapata dume mzima, na kizazi kijacho kina majike karibu 1,800. Umeachilia maelfu ya nzi na wadudu wameongezeka.

Mambo mawili yanatoka hapo. Punguza nzi wa porini kwanza kwa njia nyingine, na usiachilie dume dhaifu. Karibu kila mradi ulioshindwa ulilegea kwenye mojawapo ya hayo.

Wazo hili lilitoka kwa Edward Knipling wa Marekani, aliyefanya kazi na mwenzake Raymond Bushland. Mwaka 1954 njia hiyo ilifuta nzi wa funza wa mifugo katika kisiwa cha Curaçao. Kwa nzi wa matunda, Japani ilianza mwaka 1972 kupambana na nzi wa maboga katika visiwa vya Okinawa na kumfuta kabisa mwaka 1993. Meksiko ilimwondoa nzi wa Mediterania mwaka 1982, nayo Chile ikatangazwa huru mwaka 1995. Ukubwa wa muda huo uutilie maanani: Okinawa walihitaji miaka zaidi ya ishirini. Unguja nayo ilitumia madume tasa kuondoa mbung'o, kazi iliyokamilika mwaka 1997.

Hatua ya 1: Mjue nzi wako kwa jina

Madume tasa wa aina moja hawana kazi kwa majike wa aina nyingine, kwa hiyo kukosea hapa ni kukosea kila kitu. Wale nzi wadogo wenye macho mekundu wanaozunguka matunda yaliyoiva kupita kiasi jikoni siyo tunaowazungumzia. Wengi wao hufuata tunda ambalo tayari limeanza kuchacha. Nzi wa matunda wa shambani hutoboa tunda zima.

Nzi wa Mediterania, *Ceratitis capitata*, ana urefu wa milimita 4 hadi 5, mabawa yake yana mistari ya njano na kahawia, na mgongo una madoa meusi yanayong'aa. Nzi wa Mashariki, *Bactrocera dorsalis*, ni mkubwa zaidi, mabawa yake ni maangavu yenye mstari mweusi ukingoni mwa mbele, na juu ya tumbo lake kuna alama inayofanana na herufi T. Huyu ndiye aliyeonekana barani Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2003, nchini Kenya, kisha akasambaa kwa kasi. Nzi wa maboga, *Zeugodacus cucurbitae*, hupenda matango, maboga na matikiti. Jamii ya *Anastrepha* ni ya bara la Amerika.

Usiamini macho yako peke yake. Kusanya matunda yaliyotobolewa, yaweke kwenye ndoo yenye mchanga mkavu chini na kitambaa chepesi juu, subiri nzi watoke, kisha wapeleke kwa mtaalamu wa wadudu. Ukikuta aina mbili kwenye tunda lilelile, jambo ambalo hutokea mara nyingi, fahamu mapema kwamba kumwondoa mmoja kunaweza kumwachia mwenzake nafasi.

Hatua ya 2: Chora mpaka, na uwapate majirani wote

Adui mkubwa wa mradi ni jike aliyekwisha kupandwa anayeingia kutoka nje. Madume tasa hawawezi kumfanya lolote, maana tayari amebeba mbegu. Nzi hawa husafiri, na mashamba yaliyoachwa bila kutunzwa huwazaa bila kikomo. Ndiyo maana kazi hufanyika kwa eneo zima: bonde, kisiwa, oasisi, au ukanda wa mashamba uliozungukwa na ardhi isiyo na miti ya matunda.

Chora ramani ya kila mti unaoweza kumlisha nzi. Mashamba makubwa ni rahisi kuyaorodhesha. Kinachosahaulika ni mpera ulioota nyuma ya nyumba, mwembe wa kando ya barabara, matunda ya porini kwenye korongo. Mpera mmoja usiotunzwa unaweza kuendelea kuzalisha nzi wakati hekta nzima za miembe hazina tunda. Ongeza ukanda wa tahadhari wa kilomita kadhaa kuzunguka eneo lenu, na ndani ya ukanda huo fanyeni usafi na mitego kama ilivyo katikati.

Kama jirani mmoja mwenye miti mingi anakataa, usianze. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu ni afadhali kutumia msimu mzima kumshawishi kuliko kutumia misimu mitatu kuachilia nzi wanaozidiwa na wale wa kwake.

Hatua ya 3: Pima kwa mitego

Bila takwimu za angalau mwaka mzima hutajua nzi wako wanapanda lini na wanashuka lini, na wakati wa kuanza kuachilia ni ule wa kushuka.

Kila aina ina kivutio cha madume wake: trimedilua kwa nzi wa Mediterania, methili eujenoli kwa nzi wa Mashariki, kyulua kwa nzi wa maboga. Ongeza mitego yenye chambo cha protini, ambayo hukamata majike pia. Ning'iniza mtego penye kivuli chepesi, ndani ya majani lakini usiguswe nayo, na upake grisi kwenye waya ili sisimizi wasile ushahidi wako.

Kipimo kinachotumika kote ni nzi kwa mtego kwa siku. Gawa idadi ya nzi kwa mitego mara siku. Mitego 20 iliyokaa siku 7 na kukamata nzi 42 inatoa 42 kugawanya kwa 140, yaani 0.3. Miradi mingi hulenga kushuka hadi 0.1 au chini yake kabla ya kuanza kuachilia. Kwa mitego hiyo 20, ni nzi wasiozidi 14 kwa wiki. Andika kila mtego peke yake, maana wastani huficha mengi. Mtego mmoja unaokamata nusu ya nzi wote unakuonyesha mahali pa kwenda kesho asubuhi.

Hatua ya 4: Wapunguze kwanza

Hii ndiyo hatua yenye jasho jingi na sifa chache, na ndiyo inayoamua gharama ya zote zinazofuata. Ukiwapunguza nzi wa porini mara kumi, unahitaji madume tasa pungufu mara kumi.

Anza na usafi. Okota matunda yote yaliyoanguka, angalau mara mbili kwa wiki, kabla funza hawajatoka kuingia udongoni. Yafukie kwa kina kisichopungua nusu mita, au yafunge kwenye mifuko myeusi ya plastiki na kuiacha juani siku kadhaa. Kuyatupa kwenye lundo la mbolea kando ya shamba ni kuwajengea nzi kitalu. Kuna pia hema maalumu la wavu ambalo matunda mabovu huwekwa ndani: matundu ya wavu ni madogo kiasi kwamba nzi hatoki, lakini nyigu vimelea wanaomuua nzi wanapita na kurudi shambani. Nyigu hao, kama *Fopius arisanus* anayetaga ndani ya mayai ya nzi, huenda vizuri sana na madume tasa, kwa kuwa hawagombani nao.

Fuatisha chambo cha protini kilichochanganywa na kiuatilifu kama spinosadi. Hakipuliziwi mti mzima. Matone machache kwenye sehemu ndogo ya majani yanatosha, kwa sababu jike anayehitaji protini ili kukomaza mayai hukifuata mwenyewe. Rudia kila wiki na baada ya mvua.

Kwa nzi wa Mashariki kuna njia ya kuwaua madume kwa vipande vilivyoloweshwa methili eujenoli na kiuatilifu. Ni njia kali na inashusha idadi haraka. Lakini sikiliza vizuri: vipande hivyo haviwatambui madume wako. Viondoe vyote, uvihesabu kimoja kimoja, kabla ya siku ya kwanza ya kuachilia. Chambo cha protini nacho kitumike wakati huo kwa sehemu sugu pekee, yaani zile zinazoendelea kutoa nzi wengi.

Hatua ya 5: Nzi watoke wapi?

Ushauri wangu ni huu: usijenge kiwanda mwanzoni. Pupa zilizokwisha kupigwa mionzi husafirishwa kwa ndege ndani ya mifuko iliyofungwa na kupozwa, na nchi kadhaa zimeendesha miradi yao hivyo kwa miaka. Kwa majaribio ya mashamba mamia kadhaa ya hekta, kituo kidogo cha kupokea pupa na kuzitotoa kinatosha. Kiwanda kinafaa pale takwimu za shambani zitakapoonyesha kwamba njia inafanya kazi kwenu.

Hata hivyo anayepokea pupa anapaswa kujua zinavyozalishwa, ili ajue cha kukagua.

Nzi wazazi hukaa kwenye vizimba vyenye kuta za wavu mwembamba. Chakula chao ni sukari sehemu tatu na hamira iliyoyeyushwa protini zake sehemu moja, na maji wanayafyonza kwenye sponji. Jike wa nzi wa Mediterania huchomeka mkia kwenye matundu ya wavu na kudondosha mayai nje, yanakotua kwenye maji na kukusanywa. Wa jamii ya *Bactrocera* wanahitaji kudanganywa: wanapewa chupa ya plastiki iliyotobolewa matundu madogo, ndani yake imepakwa maji ya tunda, nao wanataga humo wakidhani ni tunda. Mayai ni meupe, membamba, urefu wa milimita moja hivi. Yapime kwa ujazo, lakini hesabu sampuli yako mwenyewe kwanza ili ujue mililita moja ya kwako ina mayai mangapi.

Funza wanalelewa kwenye trei za pumba za ngano, sukari, hamira na maji, ambayo ni karibu nusu ya mchanganyiko wote. Huongezwa asidi ya sitriki ili pH ishuke kwenye 3.5 hadi 4, pamoja na sodiamu benzoeti kidogo, kuzuia ukungu na bakteria. Usizidishe mayai kwenye trei. Funza waliobanana wanazaa pupa nyepesi, na pupa nyepesi inatoa dume dhaifu. Joto la chumba huanza kama nyuzi 28, kisha hushushwa siku za mwisho kwa sababu funza wenyewe wanazalisha joto. Weka kiganja juu ya trei ya siku ya tano na utalisikia likipanda. Chumba kisiposhushwa joto hapo, funza wanapikika ndani ya chakula chao.

Wakishakomaa, wanafanya jambo ambalo kila anayewafuga hulisubiri: funza anajikunja, anashika mkia wake kwa mdomo, anajikaza, kisha anajiachia na kuruka sentimita nyingi hewani. Huanza hasa kuelekea alfajiri, na chumba kizima kinasikika kama mvua ya rasharasha juu ya karatasi. Chini ya trei panawekwa maji au unga wa mbao wa kuwapokea. Kutoka hapo wanawekwa kwenye vemikulaiti, chembe nyepesi za madini, au unga wa mbao uliokaushwa vizuri, wanageuka pupa, na baada ya siku chache wanachekechwa taratibu. Kuchekecha kwa nguvu pupa zikiwa changa huharibu misuli ya mabawa, na dume wa namna hiyo atatoka mzima wa sura lakini hataruka kamwe.

Kwa nzi wa Mediterania kuna msaada mkubwa uliotokana na maabara ya Seibersdorf, karibu na Vienna, inayoendeshwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, pamoja na IAEA, shirika la kimataifa la nishati ya atomiki. Ni ukoo wa nzi ambao mayai ya kike hayahimili joto. Yakikaa kwenye maji ya nyuzi 34 kwa muda wa hadi saa 24, majike hufa na madume hubaki. Pupa za kike nazo ni nyeupe na za kiume ni za kahawia, hivyo makosa yanaonekana kwa macho. Faida yake siyo chakula kilichookolewa tu. Jike tasa bado hutoboa matunda, na dume tasa aliyeachiliwa pamoja na majike tasa hupoteza muda wake kwao. Ukoo huu lakini unaweza kuharibika kiwandani kizazi hadi kizazi, ndiyo maana hutunzwa kundi mama dogo, lisilobanwa, ambalo kila mara linaangaliwa na kuondolewa nzi wenye dosari.

Hatua ya 6: Mionzi

Mionzi hutolewa na kobalti-60, sesiamu-137 au mashine ya eksirei. Vyote vinahitaji leseni ya mamlaka ya kudhibiti mionzi ya nchi husika, chumba kinachofaa na watu waliofunzwa. Hapa hakuna njia ya mkato wala kifaa cha kujitengenezea.

Muda sahihi ni siku moja hadi mbili kabla ya nzi kutoka kwenye pupa. Wakati huo mwili umekwisha kujengeka, huku chembe za uzazi zikiwa bado zinagawanyika, na mionzi huumiza zaidi chembe zinazogawanyika. Ukiwahi, unaumiza mabawa na misuli. Ukichelewa, wengine wanatoka mfukoni wakiwa na rutuba. Umri husomwa kwa rangi ya macho: banua ganda la pupa chache za sampuli, ulinganishe macho yao na kielelezo cha rangi.

Kabla ya hapo, changanya pupa na rangi ya unga inayong'aa chini ya taa ya ultravaioleti, kama gramu 2 kwa lita. Nzi anapotoka husukuma kifuniko cha pupa kwa puto dogo kwenye paji la uso, kisha puto hilo linarudi ndani ya kichwa likiwa na chembe za rangi. Mwili ukijisafisha, rangi ya kichwani inabaki. Hiyo ndiyo alama ya kumtambua nzi wako mtegoni.

Pupa hufungwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa angalau saa moja kabla. Zinatumia oksijeni yote iliyomo, na bila oksijeni nyingi mionzi haiumizi mwili sana. Zisikae humo kupita inavyolazimu, maana kila saa inayoongezeka inapunguza ubora. Kwa nzi wa Mediterania kipimo huwa kati ya grei 100 na 145 (grei ni kizio cha mionzi inayofyonzwa). Jamii nyingine hutosheka na kidogo kuliko hapo. Kishawishi cha kuongeza "ili tuwe salama" ni kikubwa, nacho ni kibaya: utapata utasa wa asilimia chache za ziada na kumpoteza dume anayeweza kushindana. Kila mfuko ubandikwe kibandiko kinachobadilika rangi kikipata mionzi. Mfuko ambao kibandiko chake hakikubadilika unateketezwa, hata kama ni wa mwisho na shamba linasubiri.

Hatua ya 7: Mkague dume kama jike atakavyomkagua

Dume wa nzi wa Mediterania hamrukii jike tu. Anajipanga na wenzake kwenye majani ya mti, anasimama upande wa chini wa jani, anatoa harufu kutoka ncha ya tumbo lake, na jike akikaribia anapiga mabawa kwa kasi na kutikisa kichwa. Jike anatazama, na mara nyingi anaondoka. Hapo ndipo kazi yote ya kiwanda inapokubaliwa au kukataliwa.

Kipimo rahisi kuliko vyote ni cha kuruka. Chukua pupa 100, ziweke ndani ya bomba jeusi lenye kimo cha sentimita 10, kuta zake za ndani ziwe zimepakwa poda ili nzi asiweze kutembea juu. Anayetoka ameruka kweli. Hesabu waliobaki, uwagawe: ambazo hazikupasuka, waliokwama nusu, wenye mabawa yaliyokunjamana, na wazima wasioruka. Kila kundi linakuonyesha kosa la mahali pake. Fanya hivi kwa kila shehena, kabla na baada ya safari.

Kipimo cha pili hufanyika mara chache lakini ndicho cha haki zaidi. Kwenye hema la wavu lenye mti ndani, achilia idadi sawa ya madume tasa na madume wa porini, pamoja na majike wa porini, saa zao za kupandana. Kwa nzi wa Mediterania ni mchana, kwa nzi wa Mashariki ni jua likizama. Hesabu nani amempata jike. Madume tasa wakipata nusu ya majike wanaopandwa, yaani 0.5, wako sawa na wa porini. Mkishuka chini ya 0.2, simamisheni kuachilia na mrudi kwenye chakula cha funza, ubanaji wa trei na kipimo cha mionzi, kwa mpangilio huo.

Hatua ya 8: Kuachilia

Pupa zikifika, zitotoe kwenye mifuko ya karatasi au minara ya trei, penye giza na ubaridi kiasi, zikiwa na sukari na maji. Waache madume wakomae siku kadhaa kabla ya kuwatoa. Protini kidogo kwenye sukari huwapa nguvu. Nzi wa Mashariki aliyekula methili eujenoli huvutia majike zaidi, na wa Mediterania anayepitishiwa harufu ya mafuta ya tangawizi pia hufanya vizuri. Hatua hizi ni za bei ndogo na faida yake ni kubwa; usiziruke.

Hesabu ya mfano: eneo la hekta 200, madume 1,000 kwa hekta kwa wiki, ni madume 200,000 wanaoruka. Kama 75 kati ya 100 ndio hutoka na kuruka, unahitaji pupa za kiume 267,000 hivi. Lita moja ya pupa za nzi wa Mediterania ina kama 60,000, kwa hiyo ni lita nne na nusu. Ukiwa na ukoo unaochanganya jinsia, ni lita tisa. Sehemu sugu ziongezewe mara kadhaa. Lengo la mtegoni ni madume tasa 100 au zaidi kwa kila mmoja wa porini.

Achilia asubuhi na mapema, kabla ya joto, kwenye miti yenye majani mazito, kila mita hamsini hadi mia badala ya kumwaga wote barabarani. Usiachilie mvua ikitarajiwa. Kwa maeneo makubwa nzi hupozwa hadi nyuzi 3 au 4 ili walale, kisha hutawanywa kwa ndege. Rudia kila wiki au mara mbili kwa wiki, kwa sababu dume tasa haishi muda mrefu shambani. Wiki moja iliyorukwa ni mlango kwa kizazi kizima cha nzi wa porini.

Hatua ya 9: Soma mitego, ukate matunda

Sasa nzi wa mtegoni ni wa aina mbili. Wapitishe chini ya taa. Asiyeng'aa ponda kichwa chake na uangalie tena kwa darubini. Wakulima watashtuka kuona mitego imejaa kuliko awali, kwa hiyo waeleze mapema kwamba wengi ni wenu.

Angalia uwiano kwa kila mtego. Ukiona mia kwa mmoja huku na watano kwa mmoja kule, hamisha nzi. Kama uwiano ni mzuri lakini wa porini hawapungui, tatizo ni ubora wa dume au majike wanaoingia kutoka nje. Ili kutofautisha, kusanya mayai kutoka kwenye matunda yaliyotobolewa na uone yanayoanguliwa. Yakianguliwa mengi katikati ya eneo, mbali na mpaka, dume wako ndiye mwenye shida. Yakianguliwa kandokando tu, mpaka unavuja.

Usiache kuachilia mitego inaposoma sufuri kwa mara ya kwanza. Kwa eneo linalotaka kutambuliwa kuwa huru, kiwango cha kimataifa cha afya ya mimea, ISPM 26, kinadai miezi isiyopungua 12 bila kumpata nzi. Na akipatikana mmoja baada ya hapo, siku hiyohiyo ongeza mitego kuzunguka alipokamatwa, kata matunda ya miti yote ya karibu kutafuta funza, ondoa na ufukie matunda yanayoshukiwa, na uelekeze shehena inayofuata ya madume papo hapo.